Safari ilipita kwetu mwaka gani? Itafuteni barabara kabla ya gari

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha wapenzi wa magari ya zamani hapa Babati. Wazee wetu wanasema magari ya mashindano ya Safari yalipita hapa enzi za mkoloni na miaka ya mwanzo ya Uhuru. Wengine wanataja hata gari la Mjerumani la kabla ya vita. Tungependa kuiandika historia hii na kuweka alama mahali panapostahili. Hadithi tumeshakusanya nyingi, lakini kila mzee ana njia yake na mwaka wake. Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, na hongereni kwa kuwawahi wazee. Ila mmeanza na upande mgumu. Gari la mashindano hupita kwa nusu dakika, kisha likabaki vumbi na ubishi. Barabara hukaa miaka, na huacha kalvati, mashimo ya changarawe, ramani, hati za malipo ya vibarua na malalamiko ya watu waliopitiwa mashambani. Kwa hiyo jueni kwanza barabara ilikuwa wapi katika mwaka fulani, ndipo muulize nani aliendesha juu yake. Mkianza na gari, mtazunguka na hadithi zilezile miaka mitano.

Kabla ya yote, tenganisheni mambo ambayo wazee huyachanganya, maana mnalolifuata si tukio moja.

Gari la Mjerumani lipo katika historia, na mwenyewe anajulikana. Luteni Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 na kufika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Ilimchukua karibu miezi 21, naye huhesabiwa kuwa mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari kutoka bahari hadi bahari. Lakini alishika njia ya magharibi na kusini-magharibi, kuelekea Rhodesia. Babati iko kaskazini, mbali na mstari huo. Mzee akisema babu yake aliliona gari la kwanza la Mzungu likipita Babati, msimwambie amekosea, ila msimwandikie Graetz. Kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba babu aliona malori ya vita.

Aprili 1916, jeshi la upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer lilitoka upande wa Arusha, likapita Lolkisale na Ufiome, likaingia Kondoa-Irangi tarehe 19. Nyuma yake masika yalifunga njia. Malori ya kuleta chakula na risasi yalizama kwenye tope, askari wakabaki na mgao mdogo, na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi. Mwezi Mei, kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akawashambulia hapohapo Kondoa. Hiyo ndiyo njia yenu. Kwa wengi wa eneo lile, injini ya kwanza kuisikia ilikuwa ya vita, na msisahau kwamba wapagazi walikufa wengi kuliko wapiganaji. Kama kikundi chenu kitaandika sura moja tu ambayo wengine hawajaiandika, ningependa iwe hiyo.

Mmeona nimetaja Ufiome. Mkitafuta "Babati" peke yake katika karatasi za Wajerumani mtaambulia kidogo, kwa sababu jina lililotumika zaidi kwa eneo hilo ni Ufiome, jina ambalo pia ni la mlima mnaouita Kwaraa. Vivyo hivyo katika karatasi za Waingereza: Babati ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu, Jimbo la Kaskazini, makao yake Arusha. Kondoa ilikuwa Jimbo la Kati, chini ya Dodoma. Mkoa wa Manyara umezaliwa 2002. Mtafiti anayeomba "mafaili ya Manyara" atarudishwa mikono mitupu, na kosa si la mhifadhi nyaraka. Tena, kwa kuwa mpaka wa majimbo uliikata barabara yenu kati ya Babati na Kondoa, kipande cha kaskazini kitakuwa kwenye jalada moja na cha kusini kwenye jalada jingine kabisa, kila kimoja kikilalamika kwamba mwenzake hatengenezi upande wake.

Sasa barabara yenyewe. Mnakaa juu ya ile iliyoitwa Great North Road, kipande cha ndoto ya kuunganisha Cape na Cairo: kutoka Arusha, Makuyuni, Babati, Kondoa, Dodoma, Iringa, Mbeya hadi Tunduma. Ndoto hiyo ilikuwa na wapenzi wake. Bwana na Bibi Court Treatt waliondoka Cape Town Septemba 1924 na magari mawili ya Crossley, wakaingia Cairo Januari 1926: miezi 16 kwa safari ambayo meli ingeimaliza kwa majuma machache. Magazeti ya Ulaya yaliwashangilia. Yaliyosemwa kidogo ni kwamba barabara iliyowangoja wengine nyuma yao ilitengenezwa kwa jembe na karai, na kwamba chini ya utawala wa Waingereza Tanganyika, mtu aliyeshindwa kulipa kodi ya kichwa au ya nyumba aliweza kutakiwa ailipe kwa kazi, na kazi yenyewe mara nyingi ilikuwa barabara. Kwa hiyo mkimkuta mzee ambaye baba yake "alilima barabara", huyo ni shahidi mkubwa kuliko aliyeona gari la mashindano likipita. Anajua mawe yalichimbwa wapi, nani alikuwa mnyapara, na kwa nini kona fulani iliwekwa pale.

Nanyi mna bahati ambayo wenzenu wa maeneo mengine hawana. Kipande cha Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kilizinduliwa rasmi kikiwa cha lami mwaka 2018 tu. Barabara ya udongo na changarawe ilihudumu muda mrefu sana, na pale lami ilipokata kona au kuhamia upande wa pili wa kilima, ile ya zamani imeachwa kando, haijafukiwa. Kwingine nchini, greda zilipita juu ya alama zote miaka hamsini iliyopita.

Namna ya kuitambua barabara iliyoachwa. Mhandisi wa zamani hakuwa na mashine ya kujaza bonde, basi alilikwepa. Barabara ya kale hupenda mgongo wa ardhi, ambako maji hugawanyika, na huzunguka mbuga yenye udongo mweusi hata kama mzunguko huo unaongeza mwendo mrefu. Barabara mpya hukatiza mbuga hiyohiyo juu ya tuta. Mkiona lami imenyooka kwenye tambarare kama ile ya kuelekea Magugu, angalieni pembeni, kwenye mwinuko: huenda ile kongwe ilipita huko. Kwenye makorongo tafuteni drifti, yaani sakafu ya zege au mawe iliyolazwa kitandani mwa korongo ili gari livuke maji yakiwa ya magoti. Drifti za zamani mara nyingi ziko kando kidogo ya daraja la sasa, kwa sababu daraja lilijengwa huku magari yakiendelea kupita kwenye drifti. Tafuteni kalvati za mawe yaliyochongwa kwa mkono. Chunguzeni kingo za madaraja madogo, maana mafundi walikuwa na desturi ya kuandika mwaka kwenye zege kabla halijakauka.

Alama ninayoipenda kuliko zote ni shimo la changarawe. Barabara ya changarawe hula changarawe kila msimu, na hakuna aliyetaka kuibeba mbali, kwa hiyo mashimo yalichimbwa kando ya njia, moja baada ya jingine. Mengi leo ni malambo ya kunyweshea ng'ombe, na wafugaji hudhani ni ya asili. Waulizeni wachungaji malambo yote wanayoyajua, yawekeni kwenye ramani ya simu, kisha angalieni kama yanajipanga mstari. Yakijipanga, mmeipata barabara bila kufungua hata faili moja.

Kazi ya uwanjani isitangulie ramani, hata hivyo. Ramani za 1:50,000 za Tanzania, mfululizo wa Y742, zilichorwa kutokana na picha za ndege, nyingi kwa kazi ya idara ya Waingereza ya upimaji wa makoloni iliyoanzishwa 1946. Mtaziulizia kwenye idara ya serikali ya upimaji na ramani. Ukishika karatasi, macho yaende kwanza pembeni chini, mahali palipoandikwa mwaka wa picha za ndege. Mwaka wa kuchapwa si mwaka wa barabara. Ramani iliyochapwa 1965 yaweza kuonyesha nchi jinsi ilivyokuwa miaka kadhaa nyuma. Kisha someni ufunguo wake, kwa kuwa wachoraji walitofautisha barabara ya misimu yote, barabara ya kiangazi peke yake na njia ambayo gari linaweza kujipenyeza. Hapa ndipo ubishi mwingi wa wazee hukatika: mzee mmoja anakumbuka njia ya kiangazi, mwingine ya masika, na wote wako sahihi.

Angalizo dogo la vipimo. Karatasi za zamani za Waingereza ni za maili, na maili moja ni kilomita 1.609. "Kambi ya maili 20" kutoka mahali fulani iko kilomita 32, si 20. Na ilipimwa kwa barabara ya wakati ule, pamoja na kona zake zote, kwa hiyo msiipime kwenye lami ya leo mkashangaa kwamba jiwe la maili halionekani.

Twende sasa kwenye Safari yenyewe.

Mashindano hayo yalifanyika mara ya kwanza kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Ndiyo maana yaliitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 jina likawa East African Safari, likadumu hadi 1974, kisha ikawa Safari Rally. Majina haya yashikeni vizuri kwa sababu ndiyo mtakayoyatafuta magazetini: ukitafuta jina la 1975 katika gazeti la 1955 hutapata kitu. Pia yanawasaidia kupima ushahidi. Mzee anayesema "Koroneshen" bila kuulizwa anakumbuka miaka ya hamsini, au amesimuliwa na mtu wa miaka hiyo.

Kitu kingine cha kuelewa ni kwamba haya hayakuwa mashindano ya nani amefika wa kwanza. Kila gari liliondoka kwa zamu yake, likapewa muda wa kufika kituo cha ukaguzi kinachofuata, na kila dakika ya kuchelewa ikawa alama ya adhabu. Mwaka ule wa kwanza magari yalipangwa madaraja kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini, na yalitakiwa yawe magari ya kawaida kama ambayo mtu yeyote angenunua. Kwa mtafiti, neno zito hapo ni kituo. Magari yalisimama mahali penye mtu, saa, taa na petroli: hotelini, bomani, kwenye duka lenye pampu. Kwa hiyo mwenye kumbukumbu bora anaweza kuwa hakuwahi kusimama barabarani kushangilia hata siku moja. Anaweza kuwa mjukuu wa mwenye duka aliyeuza mafuta kwa madebe, lile debe la galoni nne, ambaye mpaka leo ana albamu ya picha kabatini. Familia nyingi za wenye maduka wa Kihindi na Kiarabu walihamia Arusha, Dar es Salaam au ng'ambo. Waandikieni. Picha moja ya pampu ikiwa na gari lenye namba mlangoni ina thamani kuliko mahojiano thelathini.

Nasema hivyo kwa sababu namba ya mlangoni inasomeka. Magazeti yalichapisha orodha ya washiriki na namba zao kabla ya kila mashindano. Ukiwa na namba na aina ya gari, unampata dereva na mwaka. Aina ya gari peke yake nayo ni kalenda. Peugeot 404 ilianza kutengenezwa 1960, hivyo mzee aliyeona 404 hakuiona kabla ya hapo, hata akiapa. Datsun 240Z ilitoka mwishoni mwa miaka ya sitini, na ilishinda Safari ya 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha ya 1973 ikiwa na Shekhar Mehta. Volkswagen ya mgongo wa duara haisaidii sana, maana ilikuwepo tangu mwanzo: Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda nayo 1954, na Tommy Fjastad akashinda nayo tena 1962. Mkiwahoji wazee, wapeni picha za magari bila majina wachague wenyewe. Msiwatajie jina la gari. Ukimtajia mzee "Je, ilikuwa Peugeot?" atakubali kwa heshima, na hapo umeharibu ushahidi wako kwa mdomo wako.

Jina moja litawajia mara kwa mara, na mna haki ya kujivunia: Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam, aliyeshinda 1966 na 1967 pamoja na Chris Rothwell, mara zote mbili kwa Peugeot 404. Lakini jina kubwa huvuta hadithi za wengine. Kila Peugeot iliyopita vijijini ilikuwa "ya Shankland", kama ambavyo upande wa Kenya kila Kalasinga mwenye usukani alikuwa Joginder Singh, dereva maarufu wa Safari. Kumbukumbu inayomtaja mshindi inahitaji ushahidi zaidi, si pungufu.

Kuhusu mwaka: msiulize "Safari ilipita hapa?" Njia ilibadilika kila mwaka. Swali linalojibika ni "njia ya mwaka fulani ilipita wapi?", na jibu lake liko gazetini. Tanganyika Standard ya Dar es Salaam na East African Standard ya Nairobi ndiyo ya kuanzia, na kuanzia 1960 kuna Daily Nation pia. Kwa Kiswahili kuna Mambo Leo, iliyoanza 1923, na Baraza iliyotoka Nairobi. Hizi hazina orodha ndefu za washiriki, lakini huwa na barua za wasomaji, na barua ya mtu anayelalamikia hali ya barabara ni dhahabu. Kufikia miaka ya sitini mashindano yalikuwa ya Pasaka, basi tafuteni kwanza tarehe ya Pasaka ya mwaka husika. Someni majuma mawili kabla, ambamo njia hutangazwa, na juma moja baada, ambamo huandikwa nani aliishia wapi.

Hilo la "nani aliishia wapi" ndilo wengi huliruka. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 tena yalimaliza 7, kati ya 93. Miaka yote miwili Pasaka iliangukia tarehe 14 Aprili, katikati ya masika. Magari mengine yote yalibaki mahali fulani: kwenye korongo, kwenye mbuga, ubavuni mwa kilima, yakisukumwa na wanakijiji waliolipwa shilingi au sigara, au hawakulipwa kitu. Kijiji hukumbuka gari lililokwama siku mbili kuliko yote yaliyopita salama. Kwa hiyo mkisikia hadithi ya gari lililolala kijijini, ilinganisheni na orodha za waliojitoa kabla ya kuilinganisha na orodha za washindi.

Turudi kwa wazee. Miaka kamili msiiulize; mtu aliyekuwa mtoto 1958 hakuwa na kalenda. Ulizeni kabla au baada ya nini: kabla ya Uhuru, kabla ya jando, baada ya kuzaliwa mtoto fulani, kabla ya Azimio la Arusha. Na kuna mtego mmoja ambao kwa Tanzania hauepukiki, nao ni Operesheni Vijiji. Tangu mwisho wa 1973 watu walitakiwa wote wawe vijijini kabla ya 1976 kwisha, na vijiji vingi vilipangwa kando ya barabara. Mzee anayekwambia "yalipita hapa hapa" huku akionyesha lami ya leo anaweza kuwa alihamishiwa hapo 1974. "Hapa" pa utoto wake palikuwa kwingine, juu ya kilima au ng'ambo ya korongo. Swali la kwanza kwa kila anayehojiwa liwe: ulizaliwa wapi, na ulihamia hapa lini? Msipoliuliza, mtaweka alama ya ukumbusho mahali ambapo wakati ule palikuwa pori. Ikiwezekana, mchukueni kwa gari mkamtembeze. Akifika mahali penyewe atakumbuka mambo ambayo kitini nyumbani hayaji.

Rekodini sauti, pigeni picha ya mahali, andikeni lugha aliyotumia. Kama anajieleza vizuri zaidi kwa Kigorowa, Kirangi au Kiiraqw, aseme kwa lugha hiyo na mtafsiri baadaye. Majina ya mahali hasa yabaki kama alivyoyatamka.

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, mwende mkiwa mmejiandaa, na barua ya utambulisho mkononi. Ombeni Daftari la Wilaya ya Mbulu na la Kondoa, ambamo mabwana shauri waliandika kila kitu kuanzia nasaba za watemi hadi madaraja yaliyochukuliwa na maji. Ombeni ripoti za mwaka za P.W.D., idara iliyoshika barabara na majengo ya serikali. Mafaili ya Wajerumani yana namba zinazoanzia na herufi G na ni ya Kijerumani, tena cha mwandiko wa zamani, basi kama hamna msomaji yaacheni kwa awamu ya pili. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mkusanyo wake wa Afrika Mashariki, ina magazeti na ripoti ambazo zitawapunguzia safari. Upande wa Nairobi kuna Nyaraka za Taifa za Kenya na Maktaba ya McMillan. Kwa Safari, Nairobi haiepukiki, maana waandaaji walikuwa huko. Lakini kwa barabara, karibu kila kitu chenu kiko Tanzania, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na barabara: nauli ni ndogo.

Mtaniuliza, je, karatasi za mashindano zitakuwepo kweli? Kwa kawaida zipo, kwa sababu barabara ni mali ya umma na kuitumia kwa mashindano huhitaji ruhusa ya mtu. Mfano wake mkubwa ni Ireland, wakati ikiwa chini ya Uingereza. Mwaka 1903 Uingereza ilipaswa kuandaa mashindano ya magari ya Kombe la Gordon Bennett, lakini sheria zake hazikuruhusu kukimbiza magari barabarani. Bunge likapitisha sheria maalumu, na mashindano yakafanyika tarehe 2 Julai kwenye barabara za kuzunguka mji wa Athy. Camille Jenatzy akashinda kwa Mercedes. Wapenzi wa historia wa kule leo wanaifuata njia ile karibu kona kwa kona, si kwa sababu wazee wao wana kumbukumbu nzuri kuliko wenu, bali kwa sababu ya zile karatasi za ruhusa, polisi na fidia. Nanyi tafuteni barua kati ya waandaaji na bwana shauri, maombi ya askari wa kusimamia vivuko, bili za kutengeneza barabara baada ya magari kupita.

Alama za ukumbusho ningeziacha mwisho kabisa. Eneo la pembeni mwa barabara kuu ni hifadhi ya barabara, iko chini ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, na huwezi kusimika nguzo hapo bila ruhusa yao hata kama kijiji kizima kimekubali. Kwenye barabara ya zamani iliyoachwa, huenda ardhi sasa ni shamba la mtu au malisho ya kijiji. Hapo mtaanzia kwa serikali ya kijiji. Msichimbe, msing'oe jiwe la maili mkalipeleka ofisini kwenu. Likiondoka mahali pake linakuwa jiwe tu. Na mkifika Kolo, kwenye michoro ya miambani ambayo tangu 2006 ni Urithi wa Dunia, gari libaki barabarani na mwongozwe na mtu wa mamlaka inayolisimamia eneo hilo.

Kazi yenu ya miezi mitatu ya kwanza, basi, iwe kipande kimoja tu, tuseme Babati hadi Bonga, au hadi mpaka wa zamani wa majimbo kama miguu inaruhusu. Ramani ya zamani juu ya picha ya setilaiti, malambo, drifti, kalvati, kila kimoja na picha yake na mahali pake kwenye simu. Tengenezeni jedwali lenye safu nne: kitu, mahali, chanzo cha habari, na mwaka unaodhaniwa pamoja na sababu ya kudhani. Safu ya nne ndiyo mtakayopigania ninyi kwa ninyi. Habari ya mzee na habari ya gazeti zisichanganywe kwenye mstari mmoja hata zikikubaliana, kwa sababu siku moja mtagundua mzee naye aliisoma gazetini. Mkifika hapo, nitumieni jedwali na nakala ya ramani. Orodha za magari nitawasaidia kuzisoma mwaka kwa mwaka, tukianza na 1953.